Magitaa Katika Shamba la Mwandu

"Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu," Ng'washi alihesabu kwa sauti, jembe likipanda na kushuka, kokoto zikimrukia miguuni. Na hapo nyuma ya kibanda chake, mtaa wa Somanda, hapakuwa na shamba. Hata mchicha haukuwepo. Palikuwa na ardhi kavu ya mjini iliyokanyagwa na pikipiki miaka nenda rudi, na mwanamke wa miaka arobaini na moja, hedfoni masikioni, akilima patupu huku jasho likimtiririka.

Rehana, mwenye duka la vitenge la jirani, alitoka na kikombe chake cha chai akasimama kumtazama.

"Shoga, unapanda nini hapo? Kokoto?"

"Ngoja wimbo uishe!"

"Wimbo? Mwenzio nilikuwa natafuta namba ya shehe, nikajua umepandwa."

Wimbo ukaisha. Nyimbo hizo huwa haziagi, hukata tu. Ng'washi akavua hedfoni, akachukua kalamu aliyoichomeka kwenye nywele, akaandika kwenye kipande cha boksi: *wa nne, umepita*. Kisha akainua jembe tena, maana zilibaki kumi na tano na siku ya palizi ilikuwa kesho kutwa.

Niseme kidogo huyu ni nani, usije ukamdhania kichaa kama walivyomdhania bodaboda wa pale kona. Ng'washi ndiye aliyekuwa akiwaingizia watu nyimbo. Unampelekea memori kadi au flashi, unamwambia unataka nini, unakwenda sokoni, ukirudi imejaa. Kwa miaka kumi na miwili alijua Bariadi nzima inasikiliza nini. Kwaya za Jumapili, singeli za vijana wa pikipiki, taarabu za Rehana, ngoma za Kisukuma kwa wanaokwenda machungani. Alijua hata mwalimu fulani mkali sana, ambaye simtaji, anasikiliza nyimbo za mapenzi za kulialia. Ila yeye mwenyewe hakuwa na wimbo wake. Ulikuwa ukimuuliza anapenda nini, anacheka tu.

Mpaka siku moja mchana, miaka miwili iliyopita, alipolala juu ya meza na kompyuta ikawa inajichezea yenyewe, wimbo ukivuta wimbo. Akaamshwa na magitaa. Yaani si kuamshwa kwa kawaida, alijikuta amesimama! Gitaa lilikuwa linakwaruza kama msumeno wa kukatia vyuma, ngoma zinapigwa na mtu anayeonekana ana ugomvi nazo, na kijana anaimba huku pumzi zinamwishia. Dakika mbili, pwaa, kimya. Alidhani kompyuta imekufa. Alipoona iko hai, aliurudia wimbo huo mara tisa, na mteja aliyeleta flashi yake akasubiri mpaka akachoka akaondoka.

Baadaye alisoma kwenye kioo cha kompyuta kwamba muziki huo unaitwa wa gereji, kwa sababu vijana wenyewe walikuwa wakifanyia mazoezi gereji. Akafurahi mno. Aliona ni haki kabisa. Hata vyombo vilisikika kama vimepigwa katikati ya spana na magurudumu. Upande wa pili akakuta ndugu zao, wale wale wa magitaa, lakini wameoga na kufunga vifungo vya shati, na sauti zao zinaitikiana kwa utamu. Huo wa pili nao akaupenda, tena akaona aibu jinsi alivyoupenda. Kwa miaka miwili alichambua mamia ya nyimbo, akabakiza kumi na tisa. Alizipanga, akazipangua, akagombana na nafsi yake kuhusu upi utangulie. Halafu katikati ya wimbo na wimbo akaweka sauti yake mwenyewe akieleza kinachoendelea, kama wanavyofanya wale wanaotafsiri sinema. "Sasa hawa," alisema kabla ya wimbo wa tatu, "ni vijana wanne, na kwa ninavyosikia mimi, wamegombana na baba mwenye nyumba." Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini hakujali.

Ila sasa, ampe nani? Alijaribu. Alimchomekea kijana mmoja wa bodaboda wimbo mmoja mwishoni mwa flashi yake, kama zawadi. Kesho yake asubuhi kijana akarudi amenuna: "Dada, flashi yako ina virusi." Rehana alisikiliza nusu wimbo akaomba Panadol. Ng'washi akacheka nao, lakini iliuma, nisidanganye. Alikuwa na kitu cha kumfanya mtu aruke, na alikuwa akiruka peke yake nyuma ya kibanda. Alitaka mtu mmoja. Hakutaka wengi, mmoja tu, asikie anachosikia yeye.

Ndipo akapiga simu kaka yake, Luhende, kutoka kijijini kwao Sapiwi.

Luhende ndiye kiongozi wa kikundi cha kulima cha watu ishirini na sita. Wewe ukialika kikundi kama hicho, wanakuja na majembe na ngoma, wanalima kwa mapigo, majembe yote yakishuka kwa pamoja, na mwenye shamba anachinja. Safari hii mzee Mwandu alikuwa amealika vikundi viwili kwenye pamba yake, kila kimoja nusu ya shamba, na watakaomaliza kwanza wanaondoka na beberu. Kikundi cha pili kilikuwa cha Sayi, na Sayi alikuwa na wapiga ngoma watatu. Luhende alikuwa na mmoja, Masele, na Masele alikuwa ameanguka na baiskeli juzi yake, mkono umefungwa hogo mpaka kwenye kiwiko.

"Niwekee ngoma za kulimia kwenye flashi," Luhende alisema, "na uje na lile spika lako kubwa la kuchaji."

"Kaka, ngoma ya flashi mbele ya ngoma tatu za Sayi? Watakufunika, hamtaisikia hata nyie wenyewe."

"Sasa nifanyeje?"

Ng'washi akasogeza simu karibu na mdomo. "Ninazo nyimbo zingine. Hizo haziwezi kufunikwa na mtu."

"Ndiyo yale makelele yako?"

"Nisikilize kwanza..."

"Ng'washi, mdogo wangu, usinitie aibu mbele ya watu."

"Wimbo mmoja, kaka. Mkikwama, nazima, naweka ngoma."

Luhende alihema kwenye simu kama mtu anayebeba gunia. "Mmoja," akasema. "Na sitaki unisumbue tena na mambo hayo maisha yako yote."

Ndiyo maana alikuwa analima kokoto. Alikuwa anazipima nyimbo kwa jembe, moja baada ya nyingine, aone kama mkono unaweza kufuata. Na mkono ulifuata! Zote kumi na tisa zilipita. Alilala na malengelenge viganjani na tabasamu usoni.

Siku yenyewe, saa moja asubuhi, shamba la Mwandu lilikuwa limejaa watu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Pamba ilikuwa imefika magotini na magugu nayo yakiikimbiza. Katikati, kwenye kinjia kinachogawa shamba, Ng'washi alikuwa amesimama juu ya mkokoteni wa ng'ombe na spika lake, upande mmoja watu ishirini na sita wa Luhende, upande wa pili watu wa Sayi, na nyuma yake watazamaji, akina mama na watoto mgongoni, vijana waliokuja na pikipiki kutoka mjini.

"Mwangaluka!" aliwasalimu kwa Kisukuma, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Mwangaluka," wakaitikia, wakilitazama spika. Sayi, mtu mrefu mwenye shanga shingoni, akacheka. "Luhende, umeleta redio? Tutapata na taarifa ya habari?"

Watu wakaangua kicheko. Luhende hakucheka. Alimwangalia dada yake, akainua kidole kimoja. Wimbo mmoja.

Mzee Mwandu akapuliza filimbi. Ngoma za Sayi zikalia, du-du-dum, majembe yao yakashuka sawasawa, na Ng'washi akabonyeza.

Magitaa yakatoka kwenye lile spika kama ng'ombe wanaofunguliwa zizini. Watoto wawili wakaanza kulia. Kijana mmoja akasema "Heee!" na kupiga hatua nyuma. Watu wa Luhende wakainua majembe, wakashusha, wakainua, na hapo hapo mambo yakaharibika.

Kosa lilikuwa la Ng'washi, na alilijua pale pale, kabla mtu hajamwambia. Alikuwa amepima nyimbo zake kwenye kokoto za Somanda. Jembe likigonga ardhi kavu linarudi lenyewe mkononi. Lakini huu ulikuwa udongo wa mbuga, mweusi, umekunywa mvua usiku kucha, na udongo wa mbuga ukilishika jembe haukuachii mpaka ulivute kwa nguvu. Mtoto wa mkulima, amezaliwa Sapiwi hapo hapo, akasahau udongo wa kwao! Ngoma za wimbo zilikuwa zinakwenda mbio na majembe yalikuwa bado ardhini. Huyu anavuta, yule anashusha. Mmoja jembe lilimnasa akakalia pamba. Watazamaji wakashika mbavu. Upande wa Sayi walikuwa wameshapiga hatua kumi.

Ng'washi alihisi masikio yanawaka. Luhende akapitisha kiganja shingoni mwake: zima. Aliona midomo ya kaka yake ikilisema neno hilo, ingawa hakulisikia. Akapeleka kidole kwenye kitufe. Miaka miwili yote, na ilikuwa inaishia hapo, mbele ya kijiji kizima na beberu wa Mwandu.

"Acha!"

Alikuwa mayu Veronica, mayu ni mama kwa Kisukuma. Huyo ni mama wa miaka sitini na kitu, mlimaji kuliko wote katika kikundi, na haongei. Wanasema aliwahi kumaliza msimu mzima wa palizi kwa maneno matano. Alikuwa mwisho wa mstari, na jembe lake, peke yake kati ya majembe ishirini na sita, lilikuwa linakwenda vizuri.

"Acha hivyo hivyo!" alisema tena. "Piga moja, ruka moja!"

Ng'washi akatazama. Mama alikuwa anapiga pigo la kwanza la ngoma, anavuta jembe pigo la pili, taratibu, udongo unaachia. Piga, vuta. Piga, vuta. Mapigo ya mbio yakawa matulivu, yakimwacha na nafasi, na kwenye ile nafasi mayu Veronica akafanya kitu ambacho vijana wa leo walikuwa wanakisikia kwa mababu tu: alilirusha jembe juu, likazunguka hewani, akalidaka mpini na kulishusha juu ya pigo.

"Weee!" watu walipiga kelele. "Mayu! Mayu!"

Kumbe! Ng'washi alitaka kucheka, alitaka kulia. Aliruka kutoka kwenye mkokoteni akaingia matopeni na viatu vyake vya mjini, akawa anatembea mbele ya mstari akipiga makofi, "Moja, ruka! Moja, ruka!" na majembe yakaanza kufuata, matano, kumi, kisha yote ishirini na sita yakagonga ardhi kwa kishindo kimoja mpaka akakisikia kwenye magoti. Mkono wa Luhende, ule uliosema zima, sasa ulikuwa umeshika mpini.

Wimbo wa pili ukaingia na sauti ya Ng'washi ikitangulia kwenye spika: "Shikilieni mioyo yenu, hawa hawana breki!" Watu wakacheka, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Kwenye wimbo wa tatu ndipo alipokumbuka kituo. Nyimbo za gereji zina mchezo mmoja: katikati ya moto, wote wanakata kwa ghafla. Kimya. Mapigo mawili ya kimya, halafu wanarudi kama ukuta unaoanguka. Yeye alivijua vituo vyote, kila kimoja, kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwao.

"Nikiinua mkono," alipaza sauti, "msishushe! Mbaki juu!"

Akahesabu. Akainua mkono. Magitaa yakakata, na majembe ishirini na sita yakabaki hewani, yaking'aa kwa udongo mbichi, bila mtu kupumua. Moja. Mbili. Akashusha mkono, magitaa yakarudi, majembe yakaanguka pamoja, na watazamaji wakapiga mayowe ambayo nasikia yalifika barabarani.

Basi hapo ikawa sherehe. Watazamaji waliokuwa upande wa Sayi wakahama wakikimbia, wamekunja sketi, wanarukia mitaro. Akina mama wakapiga vigelegele. Kila kituo kilipokaribia walikuwa wanashika vichwa, "Kinakuja! Kinakuja!" na Ng'washi akawazuga makusudi, mkono nusu, akiwachezea, mpaka wakampigia kelele. Hakuwahi kufurahi hivyo. Alikuwa na tope mpaka mapajani, sauti imekauka, na nyimbo zake, zile zake, zilikuwa zinalima shamba.

Upande wa pili, mpiga ngoma mmoja wa Sayi, kijana wa mwisho kushoto, akaanza kupotea. Mikono yake ikawa inataka kufuata magitaa. Sayi akamfokea. Akarudi kwenye mstari, akapotea tena.

Wimbo wa kumi na tisa ulipokwisha wakataka zianze upya, na zilipoanza upya walikuwa wameshakariri. Mara ya tatu ndiyo ikawa balaa. Kwenye nyimbo zile tamu, za kuitikiana, wanawake wakawa wanaitikia wenyewe, maneno wasiyoyajua, "oo-oo, ee-ee," wakitia na Kisukuma pale palipopungua.

Saa nne kasorobo mzee Mwandu akapuliza filimbi. Sayi alikuwa amefika mwisho wa shamba. Kikundi cha Luhende kilikuwa kimebakiza hatua ishirini.

Walishindwa. Hakuna namna nyingine ya kusema. Beberu akafunguliwa akapelekwa kwa Sayi, akilia njia nzima. Ng'washi alizima spika, na masikio yake yakabaki yakivuma. Alimwona Luhende anakuja, jembe begani, uso hausomeki.

"Unajua kwa nini tumeshindwa?" Luhende akauliza.

"Kaka, nisamehe. Ule udongo, mimi..."

"Ni vile vituo vyako. Nimehesabu. Kila kituo tunakaa hewani, Sayi anakata magugu. Vituo sita, mara tatu." Alifuta jasho kwa kiwiko. "Palizi ya pili vipunguze. Weka viwili tu."

Ng'washi akamtazama. "Palizi ya pili?"

"Kwani hutakuja?" Luhende alisema, akatoa simu mfukoni, akaipangusa tope kwenye suruali. "Haya, nirushie. Zote."

Alipoona hivyo, yule aliyekalia pamba naye akatoa simu. Kisha wengine. Walikuwa wamekaa sasa kwenye uwanja wa nyumba ya Mwandu, sufuria za nyama zinatoa mvuke, na hakuna aliyenawa mikono. Walikuwa wamemzunguka Ng'washi na simu zao, wanasukumana. "Mimi kwanza!" "Yangu ina nafasi, yako imejaa picha za ng'ombe!" Yule mpiga ngoma wa Sayi alikuja kwa kujificha, akanong'ona kwamba anataka ule wa tatu tu, wa baba mwenye nyumba. Nyuma yake akatokea Sayi mwenyewe.

"Dada," Sayi alisema, akikwepa macho ya Luhende, "na ile sauti yako ya katikati, ya kuelezea, inakuja humo humo?"

"Inakuja humo humo."

"Basi nipe na mimi."

Luhende akacheka mpaka akashika ukuta. Ng'washi aligawa, akagawa, simu ikapata moto kiganjani, na mwisho mtu akamvuta mkono akale kabla nyama haijaisha. Ndipo alipomwona mayu Veronica. Alikuwa amekaa peke yake pembeni, juu ya mpini wa mkokoteni, sahani mapajani, kisimu chake cha kitochi kimefungwa kwa mpira ili betri isianguke.

"Mayu, wewe sijakurushia."

Mama akakiinua kitochi, akakigeuza upande huu na upande huu. "Hiki hakipokei."

"Nitakuletea redio ya flashi. Jumapili nitakuja nayo."

"Wabeja," mama akamshukuru. Akatafuna, akameza. Maneno yake ya siku hiyo yalikuwa yameshazidi kiasi, na ilionekana anayapima yaliyobaki. "Ule wa saba," akasema. "Uweke sasa."

Ng'washi hakuuliza kwa nini wa saba. Wimbo wa saba ulikuwa mmoja wa zile tamu, na hakuna aliyeupigia kelele shambani. Haukuwa na kituo wala vurugu, na wengi waliutumia kunywa maji. Yeye alikuwa akiusikiliza asubuhi akifungua kibanda. Alikaa kwenye mkokoteni, bega kwa bega na mama, akaweka simu katikati yao kwa sauti ndogo. Kwenye uwanja watu walikuwa wanabishana juu ya beberu.

Gitaa moja likaanza, likaja la pili, ngoma ikaingia chini yake. Mayu Veronica aliacha kutafuna. Wimbo ulitembea mpaka pale kabla waimbaji hawajaingia, ambapo kuna nafasi ndogo sana, ndogo kiasi kwamba usiyeujua wimbo huwezi kuijua. Ng'washi alifumba macho kuisubiri, kama alivyozoea, na kando yake akamsikia mama naye akivuta pumzi, pale pale.